Anayejaza Ndiye Anayeonja

Nikutegee kimoja, nawe usikimbilie kujibu. Nyumbani kuna mtungi. Ukiwa mtupu, kitu kimo. Ukiwa umejaa, ukichungulia huoni kitu. Na anayeubeba ukimwishia huko aliko, harudi kuomba mwingine. Ndani mna nini?

Vuta pumzi kwanza, ufikiri. Basi, umekwisha jibu. Ni hicho hicho ulichovuta.

Kazi ya Mama Mitungi ilikuwa hiyo, kujaza hewa. Si mitungi ya maji wala ya gesi ya kupikia, bali ile mirefu ya chuma ambayo mzamiaji hujifunga mgongoni akishuka chini ya maji. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kibanda cha mabati, na ndani ya kibanda kompresa, mashine inayochukua hewa ya uani, ya bure, na kuisindilia mpaka hewa ya stoo nzima ikae ndani ya kitu unachoweza kukikumbatia. Mzamiaji mwenyewe alikuwa mumewe. Watu walimwita Kambale kwa kuwa alishinda kwenye tope la bwawa, akiondoa magugu na nyavu zilizonasa kwenye nondo za mlango wa maji, ili maji yapate njia ya kwenda mjini.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja: anayejaza ndiye anayeonja. Mpishi huonja mchuzi kabla ya kupakua, sembuse hewa. Mtungi ukishajaa, Mama Mitungi aliufungia kipumulio cha mdomoni, akavuta pumzi chache yeye mwenyewe, akaisikiliza ile hewa kifuani, ndipo akampa mumewe.

"Imeiva," angesema.

"Nipakulie," angeitikia Kambale.

Wakaishi hivyo mpaka watoto wakaoa na kuolewa, na kompresa nayo ikazeeka. Siku moja ilichemka kupita kiasi, oili ikaungua tumboni mwake, na sumu ya ule moshi ikaingia mtungini. Mama Mitungi alionja kama kawaida, lakini siku hiyo alikuwa na mafua, pua imeziba kama chupa yenye kizibo. Kambale akashuka na mtungi huo. Alirudishwa juu amebebwa, anatapika, kichwa kinampasuka. Hospitali wakampa hewa safi, wakamlaza. Kesho yake aliporudi nyumbani alimkuta mkewe naye amejinyoosha kitandani, kitambaa cha maji kichwani. "Mafua haya," Mama Mitungi akasema, akainuka kumpokea.

Tangu hapo Kambale hakuzama. Ofisi ya maji ikimwita, husema masikio yanamuuma. Lakini redio ikiongea chini chini chumba cha pili, yeye huku barazani anacheka mahali pa kuchekea. Mama Mitungi akaona, mwisho akamkabili.

"Mzee wangu, niambie kweli. Ni masikio yako, au ni hewa yangu?"

Kambale akainuka, akaenda kuwanywesha kuku. Kuku walikuwa wamekwisha kunywa.

Swali likabaki pale sebuleni kama kiti kilichowekewa mgeni ambaye hakuja. Na nyumba ikaingiwa na adabu mpya. "Samahani, naomba nipite." "Asante." "Pole na kazi." Watu waliokuwa wakigombana kwa raha zao kuhusu nani kamaliza sabuni, sasa wanapishana mlangoni kama wapangaji. Hilo ndilo lililomuuma Mama Mitungi. Matusi ya mumewe angeyavumilia, ameyazoea. Adabu hiyo ilimshinda.

Asubuhi moja gari la ofisi ya maji likashusha kompresa mpya. Ilikuwa nyekundu, inang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

"Mashine hii hapa, mama," akasema yule mtu wa ofisi. "Magugu yameziba nondo, mabomba ya mji yanadondosha tu. Mzamiaji yupo? Maana kama hayupo, itabidi tuipeleke kwa mwingine."

"Yupo," akajibu Mama Mitungi, bila kumtazama aliyeketi barazani.

Aliyeketi barazani akakohoa.

Yule mtu akakabidhi na makopo mawili ya oili, moja la bluu na moja jeupe, pamoja na vijibomba vya kioo ambavyo unga wake hugeuka rangi hewa ikiwa na sumu. Akaenda zake.

Habari njema haina miguu lakini hufika. Jua halijapanda, shemeji akaingia uani. Huyu alikuwa mdogo wake Kambale, fundi wa malori, mtu mwenye moyo mkubwa na subira ndogo. Mkononi alikuwa na galoni nyeusi.

"Shemeji, nimekuletea zawadi ya mgeni. Oili ya lori. Hii inapandisha mzigo mlimani, na injini haipigi hata chafya."

"Asante, shemeji. Iweke pale kivulini, mbali."

"Mbali na nini?"

"Mbali na mashine yangu."

"Oili ni oili, bwana."

"Kweli? Lori lako linavuta hewa mbele, linatoa moshi nyuma. Umewahi kuweka mdomo kwenye bomba la nyuma?"

Shemeji akafikiri. "Mdomo, hapana."

"Kaka yako anauweka. Mashine hii kinachotoka nyuma ndicho kinacholiwa. Presha yake ni kubwa, na presha ni moto. Oili isiyo ya hewa ya kuvuta inaungua humo ndani, inakuwa sumu."

"Haya, nimeshindwa. Basi tia hiyo ya kopo jeupe, wanasema ndiyo bora, inateleza kama samaki." Akaona Mama Mitungi analiweka jeupe kando na kufungua la bluu. "Mbona unaanza na ya chini? Mgeni anapewa kilicho bora."

"Mgeni, ndiyo. Huyu anakuja kukaa." Akaanza kumimina ile ya bluu taratibu, jicho kwenye kioo kidogo cha kuonyesha kimo. "Ringi mpya za pistoni zina makwaruzo, na silinda zinamocheza nayo ina makwaruzo. Lazima visuguane mpaka kila kimoja kijue umbo la mwenzake. Ukiviwekea utelezi mwingi tangu siku ya kwanza, vinapitana tu. Vinapishana kwa adabu mpaka uzee, havishikani, na oili inapita katikati inaingia kwenye hewa. Kwanza hii ya kawaida, isugue. Halafu tunaimwaga yote, tunasuuza, ndipo tunatia ile ya kudumu."

Barazani, kiti cha Kambale kikalia kidogo, kama mtu amegeuka.

"Kwa hiyo unanunua oili ili uimwage," akasema shemeji.

"Ulimbembeleza mkeo kwa nini? Maneno yale yote si yalimwagika?"

Shemeji akacheka mpaka akaketi kwenye ndoo.

Mama Mitungi akafungua koki zote, akawasha. Mashine ikavuma, hewa ikatoka bure, ikarudi uani ilikotoka. Haikubebeshwa presha yoyote. Shemeji alizunguka kama anayetaka kumfundisha mtoto kutembea kwa kumsukuma.

"Funga koki, shemeji, tuone nguvu yake."

"Mtoto hajasimama, unamtwika gunia?"

Ikavuma hivyo mpaka mabati ya kibanda yakapata joto la mchana. Mama Mitungi akaenda bombani kukinga maji ya kunawa, na bomba siku hizo ukilisubiri likujazie ndoo unaweza kumaliza rozari. Huku nyuma shemeji akachungulia kile kioo. Oili imeshuka kidogo. Akasikia huruma. Galoni yake iko pale kivulini, imekaa bila kazi, na mashine ya shemeji yake ina kiu. Akamimina kidogo, kwa wema kabisa.

Mama Mitungi alikuwa bado ameinama bombani aliposikia mvumo umekatika. Akaacha ndoo, akaja mbio.

Mlangoni mwa kibanda alisimama Kambale, mkono kwenye swichi. Tangu siku ile alipougua hakuwa amevuka kizingiti hicho.

"Amechanganya," akasema.

"Kidogo tu, kaka. Hata nusu kikombe haifiki."

"Aliingia na galoni imejaa, katoka nayo inacheza," Kambale akamwambia mkewe. "Nimemwona."

Kumbe yule aliyeketi barazani kama anayetazama barabara, muda wote alikuwa akitazama kibanda. Mama Mitungi akaificha furaha yake kwenye hasira.

"Shemeji, wewe ukiona mtoto wa jirani ana kiu, humpa pombe?"

"Nisamehe, shemeji. Nilidhani namsaidia."

"Ungedhani ukiwa umekaa kwenye ndoo yako. Oili mbili zisizo ndugu zikikutana kwenye moto zinagandana kama uji. Tunamwaga yote, tunaanza upya."

"Na kama ungekuwa umekaa bombani mpaka jioni?" Kambale akamwuliza mkewe, kwa sauti ya zamani, ile ya kugombania sabuni. "Mwanamke gani anaiacha mashine mpya na huyu?"

"Niliiacha na wewe pia. Sikujua kama umehamia kwa kuku."

Shemeji akawatazama mmoja mmoja. Hakuelewa kwa nini watu wawili wanaogombana wana nyuso kama zile.

Wakamwaga oili pamoja, mume ameshika beseni, mke ameshika spana. Ikatoka imekoza, na ndani yake mnameta vumbi la chuma, laini kama poda. Kambale akalisugua kati ya vidole. "Ringi tayari zimeanza kusuguana," akasema. Wakasuuza kwa kidogo cha ile ya bluu iliyobaki koponi, wakatia iliyosalia, mashine ikarudi kuvuma. Mara hii Kambale hakurudi barazani. Aliketi kwenye ndoo, na shemeji akalazimika kusimama.

Haikuisha siku ile. Kesho yake Mama Mitungi alifunga koki kidogo, presha ikapanda kidogo, akaipumzisha mashine, akaigusa mwili kwa kiganja kama anayepima homa, akaongeza presha tena. Hakuwa na haraka. Oili ilipotoka haina tena vumbi la kumeta, akaimwaga ya bluu yote mpaka tone la mwisho, akafungua kopo jeupe, akaweka chujio jipya. Akashika leso nyeupe mbele ya bomba la hewa. Leso ikapepea, ikabaki nyeupe. Kijibomba cha kioo nacho hakikugeuka rangi.

Asubuhi iliyofuata alitoka uani akakuta vazi la kuzamia linaning'inia kwenye kamba ya nguo, limepigwa maji, linadondosha. Hakuuliza ni nani kalianika. Akaenda kujaza mtungi.

Mshale wa geji ya presha ulipofika pake, akazima. Kukawa kimya, unasikia kuku wanavyoparura. Kambale alikuwa amesimama karibu naye. Mama Mitungi akafunga kipumulio, na mkono wake, kwa mazoea, ukakipeleka mdomoni.

Kambale akaushika ule mkono. Akakichukua kipumulio taratibu, akakiweka mdomoni mwake, akavuta. Akavuta tena. Akafumba macho, akaisikiliza hewa kifuani kama alivyomwona mkewe akifanya miaka yote.

"Imeiva," akasema.

"Umevunja sheria," Mama Mitungi akasema. "Mimi sijaonja."

"Najua. Kuanzia leo anayezama ndiye anayeonja."

"Nani kaibadili?"

"Aliyekwenda kuwanywesha kuku." Akakaa kwenye ndoo, mtungi kati ya magoti yake. "Uliniuliza ni masikio yangu au ni hewa yako."

"Nikajibiwa na mgongo."

"Haikuwa masikio. Wala haikuwa hewa yako, mke wangu. Hewa yako ningeivuta hata ingekuwa moshi. Ila niliporudi kutoka hospitali nikakukuta na kitambaa kichwani, ukaniambia ni mafua. Mafua hayamfanyi mtu ashike ukuta akiinuka kumpokea mumewe. Nikajua ile sumu uliivuta kabla yangu, kama unavyovuta kila kitu kabla yangu. Nikaona nikiacha kuzama, hutakuwa na cha kuonja."