Mnara wa Toruń na Viatu vya Dereva

Bi Kazimiera Wrzosek hakuwa na neno na mji wa Toruń. Matofali mekundu aliyapenda, biskuti za tangawizi zilimshinda meno lakini alizisifu, na vyoo vilikuwa safi kuliko vya parokiani. Yote hayo aliyaandika kwenye kitabu cha kumbukumbu cha Chama cha Rozari cha parokia ya Zalesie, ambacho alikuwa mwenyekiti wake mwaka wa kumi na tisa. Kilichomnyima raha ni ule mnara wake ulioinama.

Inasemwa kwamba ukiegemeza visigino na mgongo kwenye ukuta wake, ukanyoosha mikono mbele, utaanguka kama una dhambi.

"Tukishakula, wote mnarani!" mwanachama mwenzake, Halina Pyrek, alikuwa ametangaza ndani ya basi wakija. Halina aliutaka uenyekiti kama paka atakavyo maziwa. "Jumapili tunapiga kura. Acha tujue nani msafi!"

Kazimiera alicheka na wenzake, lakini alikuwa na dhambi yake. Miaka mitatu iliyopita keki yake ya jibini ilishinda zawadi ya kwanza kwenye sherehe ya mavuno. Aliinunua dukani. Hakumwambia mtu, hata padri.

Kwa hiyo wenzake walipokaa kula, aliziacha pierogi zake, sambusa za kuchemsha, zikipoa, akachepuka kwenda kujipima peke yake. Alijibana ukutani, akanyoosha mikono, na papo hapo akamwangukia kifuani Zdzisław, dereva wao, aliyekuwa akipita mbele yake akila soseji.

"Taratibu, mama! Umeua nani?"

"Ishia hapo hapo. Hebu simama wewe tuone."

Zdzisław akasimama ukutani, akatulia kama nguzo, akaendelea kutafuna.

"Wewe?" Kazimiera alikasirika kwelikweli. "Wake wawili wamekukimbia! Na kwa matusi yako ya barabarani asubuhi hii tumelazimika kusali rozari mbili!"

"Si utakatifu, mama. Ni miguu. Namba arobaini na nane. Mwenye kiatu kirefu haanguki."

Kazimiera aliitazama ile miguu kwa muda.

"Vua," akasema.

Baada ya chakula chama kizima kilikusanyika. Baba Padri alianguka wa kwanza, akicheka. Halina akaanguka, akadai ni upepo. Bibi Leokadia, mwenye miaka themanini na minne, akaanguka polepole, wakamdaka. Kisha Kazimiera akaja akijikokota, sketi ndefu imefunika viatu vya dereva, vilivyojazwa leso. Akasimama. Hakutikisika hata kidogo.

Makofi yakalia. Nyuma ya kibanda cha aiskrimu Zdzisław alisimama na soksi tu, moja ina tundu.

Leokadia hakupiga makofi. Alikuwa anafuta macho.

"Basi kilichoniangusha ni ule wivu kwa dada yangu," alimwambia padri kwa sauti ndogo. "Miaka sitini naungama. Kumbe bado umo."

Kazimiera alimsikia, akaona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani. Akainua sketi, watu wakaona viatu. Akavivua, akasimama ukutani na soksi tu, akaanguka mikononi mwa Halina.

"Keki ilikuwa ya dukani!" alipiga kelele. "Leokadia, usilie, ni viatu tu! Keki ya mavuno niliinunua!"

Halina alikuwa bado amemkumbatia.

"Tunajua, shoga. Kibandiko cha bei kilikuwa chini ya sahani."

"Mnajua? Tangu lini?"

"Tangu tulipoosha vyombo. Chama kizima kinajua."

"Na bado mkanichagua? Mara tatu?"

"Mimi sikukupigia kura," Halina akasema. "Wenzangu walisema mtu anayeionea aibu keki kiasi kile ataitunza parokia. Baada ya ile keki ulianza kufagia kanisa kila Jumamosi, hukumbuki?"

Leokadia alikuwa ameshaingiza miguu kwenye viatu. Akasimama ukutani, mikono mbele, uso unang'aa, akakataa katakata kutoka. Baadaye wote wakapanga foleni, Baba Padri akiwemo, na basi likachelewa saa nzima huku Zdzisław akilalamika kwamba lami ni ya baridi.

Njiani Kazimiera alifungua kitabu. Chini ya habari za vyoo aliandika: Tulianguka wote, isipokuwa dereva. Akafikiri kidogo, akaandika na habari za keki, pamoja na bei.