Mateke Yalikuwa Chini

Kimaiyo, mume wangu, alikuwa mkamuaji kwa shamba la mzungu upande wa Keringet, na hakuna ng'ombe aliyezaa pale bila mikono yake. Kwa hiyo mimba yangu ya kwanza ilipokomaa, na mtoto akawa ananipiga mateke chini kabisa, hadi mkojo unataka kunitoka nikichuma pareto, nilimwuliza yeye. Mama yangu alikuwa amekufa zamani.

"Miguu iko chini?" akasema, amefurahi. "Basi amekaa vizuri. Ndama mzuri hutanguliza kwato, halafu pua."

Nikatulia. Kile kitu kigumu cha mviringo kilichonibana chini ya mbavu kila nikila ugali, nilikiita matako ya mtoto, nikakizoea.

Uchungu ulinianza asubuhi ya mvua, mwaka wa hamsini na tano. Kogo Jerop, nyanya aliyekuwa mkunga wetu, alikuja amejifunika gunia. Alinilaza juu ya ngozi, akapasha viganja vyake motoni.

"Anakupiga wapi?"

"Chini, kogo."

Akashika kile kigumu cha juu kwa vidole na gumba, akakisukuma kando kidogo. Kikacheza peke yake, kikarudi, na mwili wa mtoto umetulia tu. Akashuka chini, karibu na kinena. Pale palikuwa laini, na alipopasukuma, mtoto mzima alisogea.

"Kichwa kina shingo, ndiyo maana kinatikisika peke yake," akasema polepole. "Matako hayana shingo. Msichana wangu, kichwa kiko juu. Nani alikuambia uko sawa?"

Nikaangalia mlango. Kimaiyo alikuwa amesimama nje, maji yakimdondoka kwa kofia.

"Ni mimi," akasema. "Miguu mbele, kama ndama."

"Ndama! Ulijifunza ukunga kwa zizi? Kichwa cha ndama ni chembamba, kinalala juu ya miguu, vinatoka pamoja. Cha mtu ndicho kikubwa. Mwili ukitangulia, kichwa kinaweza kukwama ndani, na mtoto hana pumzi."

"Basi mgeuze, kogo."

"Sasa tumbo limekaza. Nikilazimisha nitaua wawili. Lori la maziwa limeenda?"

Kimaiyo alikuwa ameshakimbia.

Owuor, dereva, alikuwa tayari ameliwasha. "Mimi nabeba maziwa, bwana, sibebi wajawazito! Mzungu akisikia, kazi imeisha."

"Hayo maziwa nimeyakamua mimi," Kimaiyo akasema, mkono wake juu ya mkebe. "Kataa, niyamwage yote hapa matopeni, tuone utapeleka nini Nakuru."

Owuor alimtukana kidogo, halafu akasogeza mikebe.

Nilikaa katikati ya mikebe, kogo Jerop amenikumbatia kwa nyuma. Kila shimo la barabara lilinipanda hadi kwa meno. Kufika Njoro, askari walitusimamisha, kwa maana ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, siku za Mau Mau, wakataka tushuke wakague.

"Kagueni," kogo akawaambia. "Lakini mmoja wenu anyooshe mikono ashike mtoto."

Wakainua kizuizi. Karibu na mji chupa ilinipasuka, maji yakachanganyika na maziwa yaliyomwagika.

"Usisukume," kogo akaniambia sikioni. "Hata ukiona unakufa, usisukume."

Nilimwuma mkono. Hakuutoa.

Hospitalini sista alinipapasa juu, akanipapasa chini, akaita mwenzake mbio. Matako yalitangulia kweli, ikafuata miguu, tumbo, mikono. Halafu hakuna kitu. Mwili wa mtoto wangu ulikuwa nje, na kichwa bado kwangu. Nilisikia matone ya mvua kwa bati, nikawa nayasikiliza hayo tu.

"Sasa!" sista akasema. "Sasa, mama, kwa nguvu zako zote!"

Alitoka wa bluu. Wakamsugua mgongo, wakamsugua tena. Kisha akalia, kwa hasira, kama aliyeamshwa vibaya.

Tulimwita Jepchumba, yaani msichana wa wazungu, kwa sababu alizaliwa hospitali yao.

Kesho yake Kimaiyo alifika na lori lile lile, ananuka maziwa. Hakumshika mtoto kwanza.

"Nini kilitangulia?"

"Matako."

Akaketi sakafuni kando ya kitanda. Ndama akitanguliza matako, yeye alijua, mara nyingi hutoka amekufa.

Mimba ya pili, mateke yalipoanza, Kimaiyo hakutaja ndama. Alivaa kofia yake akaenda kumwita kogo Jerop.