Semina ya Mwalimu Theresia

Stefano, karani wa bandarini, alikuwa mwongo wa kistaarabu: uongo wake haukumwibia mtu kitu, ulimsitiri yeye tu. Mwaka 2001 mkewe, Mwalimu Theresia, alipopelekwa Dar es Salaam kukatwa titi lenye saratani, Stefano aliwaambia majirani kwamba mwalimu yuko kwenye semina. Aliporudi amekonda, wakaambiwa semina za siku hizi chakula chake kibaya. Watu wakacheka, yakaishia hapo.

Lakini daktari alikuwa ameagiza mkono wa kushoto, upande uliokatwa, ulindwe maisha yote: usibebe mizigo, usiungue, usichubuke hovyo, maana ukidhurika huvimba. Sasa mtu aliyetoka semina atasingizia nini akiitwa kwenye kazi za mtaani?

Mwaka wa pili jirani yao Mwanahawa akawa anamwoza bintiye Saida. Mtaani kwao harusi ina kazi yake. Wanawake hukaa uani wakabangua korosho zilizochomwa, mikono wameipaka majivu ili yale mafuta makali ya maganda yasiwababue. Asiyefika kwa mwenzake, siku yake hafikiwi.

"Niwaambieje?" Theresia aliuliza.

"Nenda ukakae kidogo tu," Stefano alisema, uso ukiwa kwenye redio. "Usipokwenda watasema sisi wakuja, watu wa bara, tunajidai."

Alikwenda. Mafuta yalimrukia juu ya kiwiko cha kushoto, ambako majivu hayakufika, pakababuka. Siku chache baadaye mkono wote ulivimba, hata pete ya ndoa ikabidi ikatwe.

Hospitalini Muuguzi Yustina, mama wa makamo asiyezunguka maneno, alimtibu Theresia kwanza, kisha akamwita Stefano ndani.

"Ugonjwa umeondoka, baba, lakini ulinzi hauondoki. Hili ni jambo la miaka, tulipange wote. Nani atachota maji? Nani atatwanga? Nani atamsindikiza Dar kila mwaka akaangaliwe? Na kila mwezi nani atamtazamia kovu, kule kwapani asikokuona mwenyewe?"

"Mimi," Stefano alijibu upesi.

"Vizuri. Mara ya mwisho ulilionaje?"

Muda wote ule, kila Theresia alipoanza kufungua vifungo, Stefano alikumbuka taarifa ya habari redioni. Hakuwahi kuliona.

"Anaangalia, sista," Theresia alisema taratibu. "Ana haya tu ya kusema."

Aibu ilimpanda Stefano hadi masikioni. Mwanamke aliyeumizwa na uongo wake alikuwa anamdanganyia tena, mkono umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Alijua pale pale kwamba ilimpasa aseme kweli. Akatazama viatu vyake.

Waliporudi hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja uani kwa Mwanahawa, walikokuwa bado wakibangua korosho, mahali ambapo mwanamume haji ila kaitwa. Vicheko vikakatika.

"Mwalimu hakwenda semina," alisema. "Alikatwa titi. Saratani. Mimi ndiye niliyedanganya, nikamleta hapa na mkono usiotakiwa kuungua."

Mwanahawa aliweka chini jiwe lake la kubangulia.

"Stefano! Na sisi tulimtania hapa, tukamwita mvivu. Naye alicheka tu." Akatikisa kichwa. "Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe ulificha yako au yake? Ungesema tungemwekea kiti, kazi yake ikawa kutuimbisha nyimbo. Maji na kutwanga tutapangiana zamu sisi. Hayo mengine ya ndani ni yako."

Stefano alishukuru, akaondoka huku wanawake wakimsindikiza kwa macho.

Nyumbani alimkuta Theresia ameketi kitandani. Akamweleza alikotoka, kisha akasimama pale mlangoni kama mgeni.

"Naomba nilione," alisema.

"Zima redio kwanza."

Akaizima. Theresia akafungua vifungo kwa mkono mmoja, polepole, na safari hii Stefano hakupata pa kutorokea. Kovu lilikuwa refu kuliko alivyodhani, likipita kifuani hadi kwapani, laini, limefunga vizuri. Lilikuwa limepona zamani, bila yeye.