Choo cha Wageni

Choo kile nilikichimba mimi. Mimi na mume wangu Evaristi, mwaka wa sabini na tatu, kampeni ya Mtu ni Afya ilipopamba moto na redio ya kijiji ikawa haina neno jingine: chimbeni vyoo, chemsheni maji. Udongo wa huku njia ya Titye si mchezo. Yeye shimoni, mimi juu navuta ndoo kwa kamba na mimba ya miezi mitano. Tukaezeka, tukasiliba, tukatia mlango wa mbao.

Baba mkwe wangu, mzee Nsengimana, alikuwa kiongozi wa kikundi cha kusikiliza redio. Alikizunguka choo, akakisifu weee, kisha akapiga kufuli.

"Hiki ni cha Bwana Afya na wageni," akasema. "Na mimi, nikizidiwa."

Na sisi je? Sisi migombani, kama zamani. Watoto watakichafua kabla ya ukaguzi, eti. Na mkamwana hachutami alipochutama baba mkwe wake, mwiko. Mwiko naujua, nimekuzwa nao. Lakini ulinihusu mimi, haukuwahusu wanangu! Nilimwambia Evaristi. Akakuna kichwa. "Yule ni baba," akasema. Kichwa hicho alikikuna miezi na miezi.

Binti yangu Immakulata alikuwa darasa la nne. Kila jioni nikisonga ugali alinisomea kitabu chake pale jikoni. Mimi herufi sizijui hata moja, lakini akibabaika nilisikia, nikamwambia rudia, mwana wanje, mwanangu, naye akarudia mpaka ikanyooka. Basi mwaka ule akaanza kusinzia juu ya kitabu. Uso ukavimba, viganja vikawa vyeupe, nikamkuta anabandua udongo wa ukuta anakula. Mara mwalimu wake, Khatibu, mtu wa pwani, akaniita shuleni.

"Mama, mwanao ni mvivu. Analala darasani. Akiendelea hivi mtihani hafanyi, nitamrudisha darasa la tatu."

Jioni nilipomwogesha nikaziona alama za fimbo mapajani. Mvivu! Mtoto anayeamka kabla ya jogoo kuteka maji!

Kulipokucha nikambeba mgongoni mpaka zahanati. Ana miaka kumi, mwepesi kama wa mitano. Mganga alimfunua kope, akaguna. Akampima choo.

"Safura," akasema. "Minyoo inapenya nyayoni, kwenye udongo watu wanapojisaidia. Inamnyonya damu. Nampa dawa, lakini akiendelea kukanyaga huko itarudi. Na damu aliyobaki nayo, mama, haitoshi kwa mara ya pili. Kwenu hamna choo?"

"Tunacho," nikasema. "Kimefungwa."

Alinitazama kama nimerukwa na akili. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilirudi nikapiga magoti mbele ya baba mkwe, nikaomba ufunguo kwa ajili ya watoto tu. Nikamweleza yote, damu, minyoo, yote. Unajua alisema nini? "Ukaguzi ni Alhamisi. Subiri. Hata mimi nilikuwa na minyoo, mbona niko hapa?"

Alhamisi wakaja: Bwana Afya, wazee wawili, na mwalimu Khatibu ndiye mwandishi, daftari mkononi. Mzee kavaa koti. Akafungua mlango kwa madaha. Bwana Afya akachungulia, sakafu kavu kama imefagiwa kwa ajili ya arusi.

"Safi sana. Mnakitumia watu wangapi?"

"Tisa," mzee akajibu, bila hata kupepesa. "Nyumba nzima."

Mwalimu akaandika tisa.

Nilimshika Immakulata mkono, nikapita katikati yao, nikaingia naye ndani ya choo cha baba mkwe wangu mchana kweupe, nikafunga mlango. Nikasikia wanawake wa jirani waliokuja kutazama: "Yoo! Kaingia kwa mkwewe!" Nikamwambia mtoto chutama. Naye akachutama. Kisha nikachutama mimi.

Tulipotoka, mzee midomo ilikuwa inamcheza. "Umenivua nguo mbele ya watu!"

"Aibu nitaivaa mimi, Baba," nikasema. "Sanda simvishi mtoto." Nikamgeukia Bwana Afya. "Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuingia humo. Muulize mganga wa zahanati ana nini mwilini."

Mzee akaapa hatakanyaga tena humo maisha yake yote. Vizuri! Evaristi, ambaye alikuwa kasimama kama mgomba, akaenda akaleta jembe. "Nionyeshe pa kukuchimbia chako, Baba," akasema. Sauti ndogo, lakini alisema.

Mwalimu Khatibu alikuwa amekiinua kiganja cha Immakulata, anautazama ule weupe. Kisha akamfunua kope, kama alivyofanya mganga.

"Kwa nini hukuniambia unaumwa?"

"Nilikuambia, mwalimu," mtoto akasema. "Ukasema ni visingizio, ukaniongeza fimbo mbili."

Akaishika tena kalamu. Nami nikasimama mbele yake, sisogei, namngoja aandike na hilo.