Pini Mdomoni

Msimamizi wa chumba cha kukatia nguo alitoa maagizo yake yote akiwa amebana pini mdomoni. Tabasamu aliikazia macho midomo ile, hakuambulia kitu, akaitikia kwa kichwa. Msimamizi akaondoka zake.

Ndivyo alivyozoea tangu utotoni. Kiziwi anayeuliza mara tatu huonekana msumbufu. Anayeitikia huachwa kwa amani. Nyumbani kwa kaka yake aliitikia kila kitu, hata siku wifi yake aliposema mbele ya wageni kwamba huyu hafai kazi yoyote ila kufua. Alikuja kujua baadaye alichokubali.

Jina la Tabasamu alipewa na rafiki yake, Redio, kwenye chuo cha watu wenye ulemavu walikojifunza ushonaji pamoja. Redio alitembelea gongo na aliongea bila kupumua, kwa mdomo na kwa mikono. "Shoga," alimwonya siku moja kwa ishara, "hicho kichwa chako kitakuponza."

Leo majaribio yao yalikuwa yanaisha. Jioni msimamizi angesema nani anabaki kazini na nani anarudi alikotoka. Kwa Tabasamu, alikotoka ni kwenye beseni la wifi.

Mezani kitambaa cha sare za wauguzi kilikuwa kimepangwa tabaka juu ya tabaka. Shingoni pa sare palichorwa mistari miwili ya chaki: mweupe wa duara, wa bluu wa pembe. Mistari ilipishana. Ukifuata mmoja, mwingine umeuua, na kitambaa hakirudi.

Aliinua mkasi. Akaushusha, akaufuta kwenye aproni, akauinua tena. Fundi wa meza ya pili alikwishaanza kumtazama.

Redio, kwenye cherehani yake karibu na dirisha, aligeuka. "Vipi?" aliuliza kwa mkono mmoja.

"Alisema mstari upi?"

"Nadhani pembe." Redio akasita. "Au duara. Mashine zote hizi zinanguruma, shoga, leo hata mimi kiziwi!"

Wakati mwingine Tabasamu angecheka. Sasa alikigeukia tena kitambaa. Angeweza kubahatisha. Akipatia, hakuna atakayejua. Akikosea, watasema ni kwa sababu hasikii, na atakayekuja baada yake kutoka chuoni ataishia mlangoni.

Ncha ya mkasi iligusa mstari wa bluu. Ikabaki hapo.

Kisha akauweka mkasi chini, akakatiza chumba kizima hadi kwa msimamizi, akagonga meza yake. Mzee yule aligeuka, pini bado zimebanwa, akaanza kusema. Tabasamu akagusa midomo yake mwenyewe, akafanya kama anayechomoa miiba, mmoja mmoja.

Mafundi walishika mbavu kwa kicheko. Msimamizi hakucheka. Alizitoa pini.

"Si ulikubali wewe?" Safari hii midomo ilisomeka vizuri, kwa bahati mbaya.

Tabasamu alichukua chaki, akaandika kwenye kipande cha kitambaa: *Niliitikia tu. Sikuelewa.*

Msimamizi alisoma. Akautazama mkasi ulioachwa kule mezani, akamtazama yeye, kwa muda mrefu mpaka Redio akaanza kunyanyuka na gongo lake. Kisha akaenda mezani, akatumbukiza kidole kwenye kikombe cha maji na kuufuta mstari mweupe.

"Pembe," alisema polepole. "Huo wa duara nilitakiwa kuufuta asubuhi. Nimesahau mimi."

Tabasamu alikata.

Jioni msimamizi alikuja akiwa na pini mdomoni, akaanza kusema, akajishtukia, akazitoa na kuzichomeka kwenye kola yake. "Kesho. Saa mbili. Wewe na huyo kasuku wako."

Kichwa cha Tabasamu kilikuwa kimeshaanza kuinama. Akakizuia. Akanyoosha vidole viwili, saa mbili?, akavishikilia hewani, akasubiri.

Aliyeitikia kwa kichwa alikuwa msimamizi.