Wimbo wa Ayen

Ng'ombe Ayen alikuwa na maziwa tele, ila asubuhi hiyo aliamua kumuumbua Makuei. Shangazi wawili wa Yar walikuwa wamefika kwenye kambi ya ng'ombe kumkagua kijana aliyemtaka binti yao. Walikaa kwenye ngozi kando ya majivu ya moto wa usiku, na Yar mwenyewe nyuma yao, anajifanya hana habari. Wageni wa namna hiyo wakirudi midomo mikavu, uchumba umekwisha.

Adut, dada yake Makuei, alichuchumaa na kibuyu. Teke. Akachuchumaa tena. Teke jingine, kibuyu kikabingiria hadi miguuni mwa shangazi mkubwa.

Makuei aliijua dawa, na ndiyo iliyomtoa jasho. Miaka yote ya utoto wake, Ayen alikamuliwa naye tu, tena kwa kuimbiwa. Lakini msimu uliopita alichanjwa paji la uso akawa mwanamume, na mwanamume hakamui. Akishika chuchu ya ng'ombe mbele ya wakwe, bora ahame nchi.

"Mwimbie, kaka," Adut akamnong'oneza. "Ule wa zamani."

"Ule? Mbele ya hawa?"

"Basi wape maji ya mto wanywe."

Wimbo wenyewe aliutunga akiwa na miaka saba. Ulieleza jinsi fisi alivyolia, Makuei akajikojolea, akakimbilia kulala kati ya miguu ya Ayen. Naye miezi yote hii alikuwa akijiandaa kuwaimbia wakwe sifa za dume lake lenye pembe pana! Akasimama kando ya Ayen, akaanza, kojo na yote.

Ayen akatulia. Masikio yakalegea, maziwa yakaanza kuchuruzika kibuyuni. Shangazi mdogo alifunika mdomo. Mkubwa hakujisumbua, alicheka hadi machozi. Makuei aliona aibu ya kutamani ardhi immeze, lakini hakunyamaza mpaka kibuyu kikafurika povu. Shangazi wakanywa, wakashukuru.

Alasiri ngoma ilipoanza, Makuei aliinua mikono kwa mfano wa pembe za dume lake, akafungua kinywa. Wasichana wakamwahi. Waliimba fisi, wakaimba kojo, na sauti iliyowaongoza ilikuwa ya Yar.

Kambini pale msichana akimkataa mwanamume, haongozi wimbo wake. Makuei akaruka juu kuliko siku zote, akaitikia.