Nani Anashika Chini?

Kamba hakuitwa Kamba na wazazi wake. Jina hilo alilipata kazini, kwa sababu tangu ujana hakuonekana bila kamba begani, na kazi yenyewe ilikuwa kuhamisha watu: kushusha makabati kutoka ghorofani, kupandisha majokofu, kupitisha vitanda kwenye milango ambayo mwenye nyumba ameshaapa kwamba havipiti. Kamba alikuwa akikitazama kitanda kimya kimya, anakiinua upande mmoja, anasema, "Hiki kinaingia kwa kichwa," na kinaingia.

Sasa kamba ilikuwa uvunguni mwa kitanda nyumbani kwa dada yake, na mwenyewe alikuwa juu ya kitanda hicho hicho, akitazama dari. Tangu mke wake afariki, hakuwa amenyanyua kitu kizito kuliko kikombe. Siku ile mkewe alizidiwa ghafla, gari la wagonjwa likapigiwa simu lisije, na Kamba akambeba mgongoni kushuka ngazi za jengo lao peke yake. Katikati pumzi ilimkatikia. Akamweka chini pale ngazi zinapokata kona, akapumzika kidogo, akambeba tena. Hospitali daktari akasema wamechelewa. Alisema kwa upole, lakini neno lile lilimwingia Kamba na halikutoka. Kila alipofumba macho alijiona ameketi kwenye kona ile akihema, na hakuwa na shaka hata chembe kwamba mkewe aliuawa na pumziko lile. Hakumwambia mtu.

Dada yake alikuwa mwanamke mvumilivu, lakini uvumilivu wake ulikuwa na kelele. Alikuwa mwanakwaya, tena wa sauti ya kwanza, na akianzisha wimbo hata waliosinzia viti vya nyuma huanza kupekua vitabu. Jumatano moja alisimama mlangoni mwa chumba, mikono kiunoni.

"Vaa viatu. Kuna maombi saa kumi."

"Sina la kuomba, dada."

"Nani kasema uombe? Njoo ukalie kiti. Viti tunavyo vingi kuliko watu."

Alikwenda kwa sababu kubishana naye kulichosha kuliko kwenda. Kikundi cha maombi kilikutana kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, chenye harufu ya mishumaa na dawa ya kusugulia sakafu. Walikuwepo akina mama kadhaa waliojitanda mitandio, fundi seremala mwenye kifua kipana aliyeimba besi kwenye kwaya, na mchungaji, mtu mfupi ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi upande mmoja. Waliombea mgonjwa huyu na msafiri yule. Kamba alikuwa akihesabu vigae vya sakafu.

"Na bibi yetu wa ghorofa ya tatu," mchungaji alisema. "Miguu yake bado. Miaka miwili sasa tunambeba, na Mungu ametupa nguvu, hatujachoka. Leo tunambeba tena."

Kamba aliinua kichwa. Ghorofa ya tatu, miaka miwili. Akawatazama mmoja mmoja, akaanza na mchungaji, ambaye mabega yake yalitosha kutundikia koti na si zaidi.

"Nani anashika chini?" aliuliza.

Dada yake aligeuka kumtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumsikia akiuliza jambo lolote.

"Chini wapi, ndugu yangu?" mchungaji alisema.

"Kwenye ngazi, mnapombeba. Wa juu anaongoza tu, wa chini ndiye anayepokea uzito wote. Sasa ni nani? Maana si wewe, mchungaji. Usinidanganye."

Fundi seremala akaanza kucheka, kicheko cha besi kilichoanzia tumboni. "Ndugu yangu, tunambeba kwa maombi. Bibi mwenyewe yuko nyumbani kwake."

Hapo kila mtu akacheka, na Kamba akasikia masikio yakimwaka. Alitamani ardhi ipasuke, au angalau arudi kwenye dari yake asitoke tena. Lakini mchungaji, ambaye naye alikuwa amecheka mpaka miwani ikamning'inia, aliivua akaifuta taratibu.

"Hebu ngojeni," alisema. "Kwa nini hatujambeba?"

Sababu zilikuwepo, na zote zilikuwa za kweli. Ngazi za jengo lile ni nyembamba. Binti anayemtunza aliogopa mama yake asije akaanguka. Wao wenyewe walikuwa wakimpelekea meza ya Bwana, wakimwimbia, wakimfulia. Watu hawa walikuwa hawajakosa Jumatano hata moja kwa ajili ya kikongwe mmoja, na nani angewalaumu? Mimi siwezi. Wapo wengi ambao hawakumbukwi hata siku ya kuzikwa.

"Hatujui namna," fundi alisema mwishowe. "Mimi nikihamisha meza tu natoboa ukuta."

Dada mtu akawaonyesha ndugu yake kwa kidevu.

Kesho yake walikwenda kumwona Bibi. Zamani alikuwa mkaribishaji wa kanisa, anasimama mlangoni kila Jumapili na kushika mkono wa kila anayeingia, na akiushika ndipo unajua kama umeshikwa mkono kweli au umesalimiwa tu. Sasa alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, mwembamba, macho yakiwa bado na uchokozi. Kamba alimwamkia, akamzunguka taratibu akimtazama.

"Unanipima," Bibi alisema. "Mimi si kabati."

"Kabati afadhali, Bibi. Halibishani."

Bibi alicheka, kisha uso ukashuka. "Mwanangu, waambie waendelee tu na maombi. Yananitosha. Sipendi kuwa mzigo wa watu."

"Bibi," Kamba alisema, "mizigo ndiyo iliyonilisha maisha yangu yote. Usinisemee mizigo vibaya."

Bibi alimtazama mabega. "Basi sawa. Ila nikifika msiniweke mbele kama maua. Niwekeni mlangoni. Kuna kazi yangu pale."

Kamba aliitikia, na papo hapo akajuta. Mtu mzima, ngazi, pumzi yake mwenyewe. Alikuwa amejitia mwenyewe kwenye kitu kile kile alichokikimbia. Lakini bibi wa watu ameshakubali, na macho yake yameshaanza kung'aa. Utamwambiaje umebadili mawazo?

Fundi alitengeneza kiti chenye mipini mbele na nyuma. Kamba aliitoa kamba uvunguni akakifunga kwa mafundo yake, na binti wa Bibi akayavuta moja moja kabla ya kukubali. Wakafanya mazoezi kwenye ngazi za mnara wa kanisa, mchungaji akiwa ndiye mzigo, na Kamba alitoa ushahidi kwamba katika kazi yake yote hajawahi kubeba jokofu lenye kelele vile.

Jumapili ikafika. Fundi alishika juu, Kamba akashika chini, anashuka kinyumenyume, uso wake ukielekeana na wa Bibi. Dada yake alitangulia akihesabia kwa sauti ya kwaya: "Ngazi. Ngazi. Ngazi. Kona."

Ilikuwa kwenye kona. Mikono iliyokaa bure miezi yote ile ilianza kutetemeka, na pumzi ikawa fupi.

"Tumweke chini kidogo," fundi alisema.

"Hatumweki."

"Kamba, mikono inakutetemeka," dada yake alisema.

"Nimesema hatumweki. Tutachelewa."

Alishusha mguu kutafuta ngazi inayofuata akaikosa kidogo, na kiti kikayumba. Fundi alikivuta kwa nguvu zake zote. Bibi hakupiga kelele. Aliushika mpini kwa mkono mmoja, akainama karibu na uso wa Kamba.

"Niweke chini, mwanangu."

Alimweka chini. Akaketi palepale kwenye ngazi, na kabla hajajua anafanya nini, yote yakamtoka: mgongo, kona, kuhema, daktari. Alisema mbele ya dada yake, ambaye alikuwa hajui, na mbele ya fundi, ambaye alisimama akiwa ameshika mipini asijue pa kutazama.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Ulipomweka chini," aliuliza, "yeye alisema nini?"

Miezi yote ile, kwenye kona ile, Kamba alikuwa akijisikia yeye tu, akihema. Hakuwahi kumsikiliza mwenzake. Sasa alimsikia.

"Alinifuta jasho kwa mkono wake. Akasema, pumzika, mume wangu. Mimi niko sawa, pumzika kwanza."

"Basi aliyesema upumzike ni yeye," Bibi alisema. "Nawe ulimsikiliza."

Kamba alilia kama mtoto, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Dada yake alipanda ngazi mbili akaketi naye, bega kwa bega. Kwa mbali kengele ya ibada ilikuwa ikilia.

"Wataanza bila sisi," fundi alisema.

"Waanze," Bibi alisema. "Wimbo wa kwanza huwa mnauharibu hata hivyo."

"Nani anauharibu?" dada alisema, akifuta macho, na hapo wakacheka wote.

Walifika ibada imeshaanza. Bibi aliwekwa mlangoni, na watu walipotoka, kila mmoja alipita mkononi mwake. Watoto waliozaliwa akiwa ndani walisukumwa mbele wamwone. Alimshika mama mmoja aliyekuwa anapita haraka, akauliza habari ya mwanawe kwa jina, na yule mama akasimama muda mrefu bila haraka tena. Kamba alisimama nyuma ya kiti. Mabega yalimuuma, mgongo ulimuuma, na njaa ilimshika kwelikweli kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alijikagua kwa mashaka, akaona ni furaha. Hakuwa na jina lingine la kuipa.

Kurudi ni kupanda, na kupanda ni kazi nyingine kabisa. Safari hii mchungaji naye alijipachika pembeni kusaidia, na msaada wake ulikuwa zaidi wa moyo. Walipofika kwenye kona, Kamba ndiye aliyesema, "Hapa tunapumzika." Wakakiweka kiti chini, wakaketi kwenye ngazi, koti la mchungaji likiwa limelowa mgongoni.

"Huyo mkeo," Bibi alisema, "ulimpata wapi?"

Dada alitaka kumzuia Bibi, kisha akaacha. Kamba alifuta jasho.

"Kazini. Nilikwenda kuhamisha familia moja. Mizigo yote imetoka, limebaki sanduku moja, na juu yake amekaa binti wa watu, amenuna, anasema yeye hahami. Nikamwambia, dada, mimi niko kazini, naomba sanduku. Akasema, ukilitaka tubebe wote wawili."

"Na wewe?" mchungaji aliuliza.

"Nikambeba," Kamba alisema, na akaanza kucheka. "Ghorofa nne. Tena bila kupumzika, nijionyeshe."